Gia zinalia: maswali yenu ya magari ya spoti ya kitambo

Haya wapenzi, naona Malindi hii watu wameanza kufunua maturubai, maana maswali yote yaliyoingia ni ya magari ya zamani na yote ni gia. Twende.

Kaka, Datsun 240Z yangu ikizimwa gia zaingia laini kabisa, nikiwasha tu ni vita, riverse ndio usiseme. Fundi ataka kushusha gia boksi. (Mambrui)

Mwambie aweke spana chini kwanza! Gia boksi ikiwa mbovu mara nyingi itakusumbua hata injini imezimwa, hiyo yako ni klachi haiachi. Washa gari ikiwa fri, kanyaga klachi mpaka chini, subiri sekunde tano hivi halafu tia riverse polepole, ikikwaruza basi injini bado yazungusha gia boksi. Sasa angalia maji kwenye kikopo cha klachi, kisha ingia chini uitafute ile silinda ndogo ubavuni mwa gia boksi, vuta mpira wake kidogo, ukiona majimaji ushampata mwizi. Na sisi watu wa pwani ndio tunaumia zaidi kwa sababu maji ya klachi ni yale yale ya breki, yanafyonza unyevu, silinda inashika kutu ndani na kutu inakula mpira, hasa gari iliyolala miezi mingi. Ukipampu pedali mara mbili tatu gia ikakubali, kuna hewa ama master silinda (ile ya juu inayosukumwa na pedali) imechoka. Weka mipira mipya, maji mapya, toa hewa. Na gari hiyo iheshimu bwana, ndiyo iliyochukua Safari Rally 1971 na 1973, hiyo ya pili Shekhar Mehta akiwa kwa usukani.

MGB ya 1965, gia ya kwanza yakwaruza nikiingiza gari ikiwa bado yatembea.

Haina ugonjwa. MGB za mwanzo mpaka 1967 gia ya kwanza haikuwa na sinkro (kile kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana), simama kabisa ndio utie. Halafu gia boksi yake inatumia oili ya injini, 20W50, sio ile nzito ya difu, na mafundi wengi hapa hawajui hilo kwa hivyo muulize wako alitia nini.

Alfa Romeo Spider, gia ya pili yalia asubuhi tu, nikifika Gede imepona. Nijali? (Watamu)

Hizo Alfa ndio tabia yao, waulize Waitaliano wa hapo kwenu watacheka. Sinkro ya pili ni dhaifu, na oili ikiwa haijapata moto (hata kwa hii baridi yetu ya kujifanya) inachelewa kushika. Toka moja, tulia nyutro kidogo, ndio uingie mbili. Ikianza kulia hata ikiwa moto, hasa ukishuka kutoka tatu, anza kuweka pesa.

Porsche 911 ya miaka ya sabini, stiki yachezacheza, gia naitafuta kama sijui ilipo.

Injini na gia boksi ziko nyuma, stiki iko mbele, katikati ni fimbo ndefu, na kiungo chake kina bushi za plastiki ambazo zinaliwa. Kiko chini ya kapeti, katikati ya viti vya nyuma. Badilisha bushi, lakini fundi aiseti fimbo vizuri kabla hajakaza bolti, la sivyo utapata moja ukose tano.