Kugeuza dirisha kuwa mlango: wote tuliangalia juu, maji yakapita chini

Kuna chumba cha nyuma kwetu kilikuwa na dirisha kubwa linaangalia uani, na kila mtu akitaka kwenda uani anazunguka nyumba nzima, mpaka watoto wakaanza kuruka dirishani. Nikasema basi, hapa naweka mlango. Nikajiambia kazi yenyewe ndogo, tundu si lipo tayari, ni kubomoa hicho kiukuta cha chini tu. Sasa ngoja nikusimulie.

Kwanza niseme ukweli, wazo lenyewe ni zuri na ni rahisi kuliko kutoboa mlango mpya kwenye ukuta mzima, sababu juu ya dirisha linta, ule mhimili wa zege, ishawekwa. Ile linta ndo inabeba tofali na mzigo wa juu, na ukibaki ndani ya upana wa dirisha huigusi kabisa. Pale unapoanza kusema "tuongeze kidogo pembeni" ndo umebadilisha kazi, maana linta inatakiwa ilale juu ya ukuta angalau sentimita 15 kila upande, ukila hapo inabaki inaning'inia. Itabidi uegemeze juu kwa nguzo, umwage linta mpya, na zege halikauki kesho, nguvu zake zinahesabiwa kwa siku 28. Kwa hiyo ushauri wangu, usipanue. Na kama nyumba ni ya ghorofa au huelewi ukuta umebeba nini, mwite mtu anayejua aje aangalie kwanza, fundi wa kuambiwa "piga tu" hatoshi.

Langu lilikuwa na upana wa sentimita 150, mlango nilitaka tundu la 90, zile 60 zilizobaki nikaacha dirisha jembamba la kioo pembeni, kiukuta chake cha chini hakikuguswa. Wengine wanaziba kwa tofali, sawa tu, ila tofali mpya zishikane na za zamani kwa vipande vya nondo, la sivyo plasta itakuchorea mstari wa ufa pale pale kwenye maungio.

Kabla ya nyundo pima kutoka sakafu mpaka chini ya linta. Ukipata kama mita 2.1 umepona, ila usisahau fremu na plasta vinakula nafasi. Halafu angalia waya na mabomba, chini ya dirisha watu wanapenda sana kupitisha vitu. Mi nilikuwa na soketi hatua moja tu kutoka pale, tukazima umeme kwenye meni swichi tukaitoa kwanza.

Kubomoa sasa. Fundi wangu alikuja na nyundo kubwa na haraka zake, akapiga mapigo matatu nikaona plasta ya ndani inafanya nyufa nyembamba kama nywele kwenda juu. Nikamsimamisha. Tukaazima grenda yenye disk ya almasi, tukachora mstari wima kwa timazi, tukakata ndani halafu tukakata nje, katikati ikabaki sentimita chache tu za kuvunja, hapo ndo nyundo ndogo na tindo vikaingia, tukashuka kozi moja moja, yaani mstari mmoja mmoja wa tofali, kutoka juu. Vumbi lake bana, funga mlango wa ndani na uziba chini kwa nguo mbichi, na mkataji avae barakoa na miwani. Tofali zetu zina matundu, kwa hiyo ukikata ubavuni unabaki na mashimo matupu, usifunge fremu hapo hivo hivo, skrubu itazunguka tu haishiki kitu. Jaza zege kwanza, iache ikauke.

Fremu ilienda vizuri, pimamaji huku na huku, tukapima pembe kwa pembe zote mbili zikalingana. Nikapiga picha nikarusha kwa ndugu, kila mtu hongera hongera.

Wiki mbili baadae mvua ikaja na upepo. Mi nimekaa naona kitu kinang'aa sakafuni, maji yameingia chini ya mlango yametembea mpaka chini ya kitanda. Siku zote hizo tulikuwa tunajadili linta, linta, chini hakuna aliyewaza. Kumbe kile kiukuta nilichokibomoa ndo kilikuwa kinazuia maji, dirisha lina kingo yake ya kumwaga nje, mlango wangu haukuwa na chochote, na fundi alikuwa amesawazisha simenti ya ndani na ya nje ikawa uwanja mmoja.

Tukavunja tena. Tukamwaga kizingiti kimeinuka kama sentimita 3 kuliko sakafu, uso wake umeinamia nje. Uani tukachimba tukashusha mpaka ikawa chini ya sakafu kwa sentimita 15, tukaweka ngazi moja yenye mwinamo, kama sentimita 2 kwa kila mita, na juu ya mlango kibati cha kukinga mvua. Kwa kuinua kizingiti mlango nao ukabidi ukatwe chini, maana nilikuwa nimeshautengeneza kabla, kosa lingine hilo, nilimpa seremala vipimo vya tundu la kwenye karatasi. Subiri tundu liishe, kizingiti kiishe, kama kuna taili nazo zilale, ndo upime, tena upime upana juu, katikati na chini, utumie ule mdogo.

Lile tambara nililokuwa nazibia maji bado liko pale mlangoni, sa hivi watoto wanafutia miguu wakitoka uani.