Barua kwa mwanangu: kabla hujanunua mashine

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeuona. Unasema wewe na rafiki yako wa hapo Dodoma mmekusanya akiba, mnataka mtumbwi wa dagaa hapa Igombe, na unaniuliza mashine iwe mpya au ya mtumba. Iwe mpya. Hilo nimeshalijibu, sasa nisikilize.

Wewe na wadogo zako mmekua mkisikia watu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wakiniita Mama Mashine, na najua mnadhani ni kwa sababu nilikuwa mwanamke wa kwanza pale kumiliki mashine. Baba yenu, Mungu amrehemu, aliwaacha mwamini hivyo. Jina lile alinipa yeye, na hakunipa kwa sifa.

Ilikuwa Novemba 1997, ule mwaka wa mvua za El Nino. Wewe ulikuwa mgongoni. Meli ya MV Bukoba ilikuwa imezama mwaka uliotangulia, na Mwanza hii kila nyumba ilikuwa bado na mtu wa kumlilia. Mimi nilikuwa na mtumbwi mmoja, mashine ya farasi 15 ya mkopo, na watu watano, baba yako akiwa nahodha. Wiki moja kabla, baba yako aliniambia mbao za chini zinaingiza maji, tuupandishe mtumbwi nchi kavu fundi azibe nyufa kwa pamba. Nikamwambia tumalize giza hili kwanza. Unajua hesabu ya dagaa: mbalamwezi ikitoka hakuna kazi, kwa hiyo usiku wa giza ukiupoteza umeupoteza. Na mkopo haungoji mwezi.

Wakatoka. Usiku wa manane upepo ukageuka, mawimbi yakaja na radi, ile mbao ikaachia. Walichota maji kwa ndoo mpaka ndoo zenyewe zikachukuliwa. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji hauendi chini mara moja, unabaki umelala juujuu kama gogo. Ila wetu ulikuwa na chuma kizito nyuma, na sehemu ya nyuma ikaanza kuuvuta chini. Baba yako akazama na kichwa chake, akalegeza skrubu za mashine kwa mikono, akaiacha iende. Mtumbwi ukainuka kidogo. Wakaung'ang'ania wote watano.

Waliowaokoa ni watu wa kisiwa cha Ukara. Usiku wa giza ziwa lile lina taa kama mji, na kila mtumbwi unajua karabai za jirani yake. Mzee mmoja akaona taa mbili zimesimama kwenye maboya yake zikienda na upepo, hakuna mtu anayezifuata. Mvuvi haachi karabai. Akasema pale kuna watu majini. Nyavu zao zilikuwa zimeshazungushwa, dagaa ndani, na kuzivuta kungechukua muda. Akatoa kisu akazikata.

Ndiyo maana siku ile ya Novemba 2022 ndege ilipoangukia ziwani Bukoba, uliponipigia ukishangaa wavuvi wamefikaje mapema vile na mitumbwi yao, mimi sikushangaa.

Alfajiri wakafika mwaloni. Nilikuwa mchangani na ungo zangu, nangoja dagaa wa kuanika. Nikaona mtumbwi si wangu, ndani wamo watu wangu watano wamejifunika viroba, wanatetemeka. Baba yako akanitazama. Na mimi, mama yako, nikiwa na wewe mgongoni, nikasema: "Mashine iko wapi?"

Hakuna aliyenijibu. Yule mzee wa Ukara aliangalia pembeni.

Sasa nimejitetea miaka yote hii. Nilikuwa nimeshawaona wote, niliwahesabu kwa macho, watano, wazima. Ungeuliza nini tena kama si kilichobaki? Hapana, naongopa. Sikuwahesabu. Niliona nyuma ya mtumbwi ni peupe, basi. Pengine ni mkopo ulionisemesha. Pengine. Lakini mkopo haukuwa na mdomo, mdomo ulikuwa wangu, na aliyesema tumalize giza hili kwanza ni mimi huyu huyu. Ziwa halina mwenyewe, mtumbwi unaye. Nimewaambia hivyo tangu mkiwa wadogo, mkadhani ni habari za leseni.

Baba yako alinisamehe kwa kunicheka. Chai ikichelewa: "Mashine iko wapi?" Mgeni akiingia: "Huyu ndiye Mama Mashine." Nilicheka naye miaka ishirini. Sikucheka hata mara moja kwa moyo.

Sikukatazi. Hela ni zako, na dagaa wana hela, nisiseme uongo, wamekusomesha. Siku hizi kuna taa za sola, na Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa ziwa. Sisi tulitazama mawingu. Ila wewe utakuwa Dodoma, taarifa zitakufikia kwa simu. Na wewe tangu kivuko cha MV Nyerere kipinduke Septemba 2018 hujavuka tena kwenda Ukara, hata msiba wa shangazi yako ulituma rambirambi. Unaogopa maji, halafu unataka kuwapeleka watu watano usiku. Haya, nimesema sitasema.

Weka kwenye bajeti jaketi tano za kuokolea kabla ya mashine. Pamba na fundi pia, na usimsikilize mtu anayekwambia mwezi unakaribia kutoka.

Lingine: nyavu zile zilizokatwa tulilipa nusu. Nusu nyingine baba yako alikuwa akisema tutapeleka, tutapeleka. Yule mzee yu hai, macho yamepungua. Ukija Desemba tuvuke wote wawili. Mimi nitakushika mkono kwenye kivuko.

Mama yako
Igombe