Maswali yenu: Nimestaafu, je nianze kushona?

SWALI: Nina miaka 61, nilistaafu ualimu mwaka jana. Nimejaribu kuku wa kienyeji, kwaya na bustani, vyote nikaviacha ndani ya mwezi. Sasa natamani kushona, na mwanangu yuko tayari kuninunulia cherehani. Nitajuaje kama safari hii sitaacha tena?
Mwalimu mstaafu, Korogwe

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Mwanao asubiri kidogo. Kuku wa kienyeji huanza kutaga akiwa na miezi kama sita, nawe ulimpa mmoja. Hukuwahi kuonja raha ya ufugaji, ulionja kufagia banda tu. Kushona kuna nafuu: kitu kizima hukamilika kwa alasiri moja.

Jipe wiki 8, siku 3 kwa wiki, dakika 40 kila mara, kwenye cherehani ya kukanyaga ya fundi wa mtaani. Patana naye malipo mapema.

Wiki mbili za kwanza usitie uzi. Weka karatasi ya daftari, kanyaga, sindano ifuate mistari. Iwe sindano kuukuu, maana karatasi huifanya butu. Kinachowashinda wengi ni gurudumu kurudi nyuma. Uzi ukiwemo, hukatika au kujisokota. Lianzishe kwa mkono, likizungukia upande wako, ndipo miguu ifuate.

Kisha shona foronya. Yadi 2 za kitenge chenye upana wa sentimita 115 hutoa mbili, kila moja ya mto wa sentimita 50 kwa 75. Fua kitambaa kwanza, la sivyo foronya itarudi, yaani itapungua, ikifuliwa baada ya kushonwa. Kata vipande viwili vya sentimita 53 kwa 169, kila kimoja foronya moja. Pinda ncha zote mbili sentimita 2, ushone. Tandaza upande mzuri ukiangalia juu, kunja ncha moja ije juu ya kitambaa kwa sentimita 75, halafu zile 15 zilizobaki upande wa pili zikunje juu yake. Shona pembeni kulia na kushoto, sentimita 1.5 kutoka ukingoni, kisha geuza. Sindano namba 14 inafaa, mishono 10 kwa inchi.

Uzi ukirundikana chini ya kitambaa, wengi hukimbilia kukaza skrubu ya bobini, kile kikopo cha uzi wa chini. Mara nyingi kosa liko juu: uzi haukuingia kati ya visahani vya kukazia. Nyanyua mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, ili visahani viachane, tia uzi upya. Sindano ikivunjika, ujue unavuta kitambaa. Kielekeze tu, meno ya chini yatakisogeza yenyewe.

Foronya ya kwanza itakuwa imepinda. Usiihesabu. Angalia ya tatu: umeifumua mwenyewe pasipo kuambiwa? Ukiwa sokoni unageuza nguo za watu kuangalia mshono wa ndani? Hizo kwetu ni dalili nzuri kuliko hamu ya leo, kwa kuwa hamu uliwahi kuwa nayo hata kwa kuku.

Zikionekana, mwite mwanao. Cherehani ya mtumba ijaribuni dukani kwa tabaka mbili za khanga, kisha nne. Ikiruka mishono, badilisheni sindano kwanza. Ikiendelea kuruka, iacheni.