Kabla hujampelekea mkutubi riwaya yako ya kutisha

Mara ya kwanza niliingia maktaba nikiwa na nakala tano za riwaya yangu na bango la fuvu linalovuja damu. Ilikuwa Oktoba, wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne, na kila meza ilikuwa imejaa vijana na madaftari yao. Mama aliyekuwa kaunta aliitikia shikamoo yangu, akalitazama bango, akalilaza kifudifudi. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiki nimpe nani?"

Nikamjibu, "Yeyote anayependa kusoma." Akanirudishia nakala zote tano.

Swali lile limenifundisha zaidi ya semina zote za uandishi nilizohudhuria. Tunadhani mkutubi anakataa hadithi za majini na misukule kwa sababu anaziogopa au anazidharau. Wengi niliozungumza nao hapa Mwanza wamekulia humohumo, kwenye hadithi za bibi jikoni taa ikiwa imefifia. Wanachokihofia ni mzazi atakayekuja Jumatatu na kitabu mkononi, akidai mtoto wake hajalala siku tatu. Mwandishi atakuwa nyumbani kwake. Wa kujibu ni yule aliyegonga mhuri na kukiazimisha.

Kwa hiyo sasa kila kitabu ninachokipeleka kina karatasi yake ya nusu ukurasa. Naeleza hadithi kwa sentensi mbili, umri wa msomaji, na aina ya hofu iliyomo: je, ni ya damu, au ile inayopanda taratibu kama maji ya mvua yanavyoingia ndani? Halafu nasema wazi mambo mazito yaliyomo. Kama kuna mtoto anayekufa, naandika. Kama kuna ubakaji au mtu kujiua, naandika. Mwisho namwelezea msomaji wake: "Anayependa upelelezi na havumilii damu nyingi atakifurahia." Mkutubi akishapata sentensi hiyo, anajua amwite nani.

Kugawa kwa umri nilijifunza kwa wenzetu wa Marekani. Chama chao cha waandishi wa hadithi za kutisha, Horror Writers Association, kilianza mwaka 2019 mpango unaoitwa Summer Scares. Kila mwaka huteuliwa vitabu vya watu wazima, vya vijana na vya watoto wakubwa, na wakutubi hupewa orodha ya kufanyia kazi. Sisi hatuna orodha kama hiyo, lakini karatasi ya nusu ukurasa haihitaji chama wala bajeti.

Kuhusu mambo mazito, naomba tusimame kidogo, maana hapa Kanda ya Ziwa tuna yetu. Niliwahi kusomea watu kipande cha hadithi yangu ya meli inayozama, na katikati ya usomaji mzee mmoja akainuka akatoka. Baadaye nikaambiwa kwamba ndugu yake alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996. Makaburi ya marehemu wale yako Igoma, tunayapita kila siku. Na ya kivuko cha MV Nyerere, kilichozama pale Ukara Septemba 2018, bado mabichi. Nilimfuata yule mzee nyumbani kwake kumwomba radhi. Hadithi ile sikuitupa, ila siku hizi kabla ya kuisoma nasema kilichomo, na anayetaka kutoka anatoka mapema kwa heshima yake.

Zito kuliko hilo ni uchawi. Kwetu vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia. Watu wenye ualbino wamewindwa. Ukimpelekea mkutubi wa huku hadithi ambayo mchawi ni bibi mwenye macho mekundu, kijiji kinamuua na mvua inanyesha, umemkabidhi kiberiti kwenye nyumba ya nyasi. Mimi kitabu cha namna hiyo sikitangazi, hata kama kimeandikwa kwa ustadi. Lakini mgeuzie msomaji upande: yuko ndani na bibi, usiku, anasikia hatua za watu nje na panga likikwaruza mlango. Hofu ni ileile, ila sasa inamlinda anayestahili kulindwa. Hadithi hiyo naipeleka nikiwa nimenyoosha shingo, na wakutubi wameipokea.

Mambo ya ofisi nitayataja haraka. Kitabu kiwe na ISBN, namba yake ya utambulisho, ambayo hapa nchini hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Uliza utaratibu wa kupokea zawadi ya vitabu, kwa kuwa mkutubi wa mkoani si kila mara anaamua peke yake. Na ujue kwamba fasihi ya Kiswahili kwa namba za Dewey, ambazo maktaba hupangia vitabu rafuni, inaangukia 896.392, ya kutisha na ya mapenzi pamoja, kwa hiyo kitabu chako kitamezwa na rafu. Omba meza ndogo karibu na mlango kwa wiki mbili. Usiombe zaidi ya hapo.

Wakati nao una maana yake. Wanafunzi waache wamalize mitihani. Na wasomaji wengine, kama wavuvi, wafuate waliko. Dagaa huvuliwa gizani, taa zikiwavuta juu. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina nguvu na mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Siku hizo ndizo ninazokwenda Igombe, kwenye mwalo ambako mitumbwi huegeshwa, baada ya kuomba ruhusa kwa uongozi wake. Naita "Hadithi, hadithi!" nao wanaitikia "Hadithi njoo!" Nasoma ukurasa mmoja tu, naufunga mahali ambapo mlango ndio kwanza unafunguka, na nawaambia kitabu kiko maktaba.

Januari nilirudi kwa yule mama, safari hii na karatasi yangu bila bango. Aliisoma yote, akauliza kama yule bibi anapona, akachukua nakala moja. Mvuvi mmoja akaiazima. Ilirudi miezi miwili baadaye ikinuka dagaa, na ndani ya jalada kulikuwa na majina kwa penseli, kila mtu na zamu yake. Nilijua kuandika kwenye kitabu cha maktaba ni kosa, nikaanza kujitetea kwa niaba yao. Mama akaninyamazisha kwa mkono, akavaa miwani, akayahesabu. Kumi na moja.

"Zile nne nyingine," akasema, "bado unazo?"