Maswali ya Wasomaji: Kwenda Hija kwa Miguu, Kilomita 120

Kiangazi kinakaribia, na barua nyingi tulizopokea zinauliza jambo moja: namna ya kujitayarisha kwa hija ya miguu. Kwa kuwa wengi walioandika wanataka kutoka Lubumbashi hadi Likasi, karibu kilomita 120, hesabu zetu zimefuata njia hiyo. Anayekwenda kwingine atazipunguza au kuziongeza.

Jambo, baba na mama wa gazeti. Shirika letu tuko watu 60, mdogo ana miaka 16, mzee wetu ana 67. Tunataka kufika Likasi kwa siku tatu, mwisho wa mwezi wa nane. Inawezekana? Mazoezi tuanze lini?
Katibu wa shirika, Katuba

Ndugu katibu, siku tatu ni kilomita 40 kila siku. Vijana wachache waliozoea watafika. Watu 60 wa umri tofauti hawatafika wote, na watakaofika watakuwa wameumia. Panga siku tano, kilomita 24 kwa siku.

Mtu mmoja hutembea kilomita 5 kwa saa bila shida, lakini kundi kubwa huenda kilomita 3 na nusu tu, kwa sababu kuna kusubiriana, kufunga kamba za viatu, kwenda haja. Kwa mwendo huo kilomita 24 ni karibu saa saba za kutembea, na saa moja na nusu ya mapumziko. Mkiondoka saa kumi na mbili alfajiri, nuru inapoanza, mtafika saa nane na nusu mchana. Giza huingia karibu na saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo mnabaki na zaidi ya saa tatu za akiba. Akiba hiyo msiiguse. Ndiyo itakayowaokoa siku mtu atakapoteguka mguu.

Mwisho wa mwezi wa nane hatuupendi. Jua limeanza kuwa kali, na moshi wa majani yanayochomwa porini unawasumbua wenye pumu. Mwezi wa sita au wa saba ni bora, ila usiku baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Kila mtu awe na blanketi lake na kofia ya kulalia, hata kama nyumbani hajawahi kuihitaji.

Mazoezi yanataka wiki 12. Wiki nne za kwanza tembeeni mara tatu kwa wiki, kilomita 5 au 6, na Jumamosi 8 hadi 10. Kuanzia wiki ya tano ongezeni kilomita mbili kila Jumamosi, mpaka mfike 22 wiki ya kumi. Njia ya Kipushi inafaa: yote ina karibu kilomita 30, basi nendeni 11 na kurudi 11. Wiki hiyo ya kumi, kesho yake baada ya Misa, tembeeni tena kilomita 15. Huo ndio mtihani wenyewe. Siku ya kwanza kila mtu ana nguvu. Ya pili misuli imekaza, nyayo zimevimba na ngozi imelainika, na hapo ndipo hija nyingi huharibika. Asiyeweza zile 15 apangiwe nusu ya njia kwa miguu na nusu kwenye gari la kusindikiza, na aambiwe mapema, si barabarani mbele ya wenzake. Wiki ya 11 mpunguze kila kitu kwa nusu, ya 12 mtembee kidogo mara mbili tu.

Mzee wenu wa miaka 67 atembee mbele. Mwenye mwendo wa pole akiwekwa nyuma, kila kundi linapopumzika yeye ndiye anafika, na linaondoka kabla hajaketi.

Nimenunua viatu vya mlima soko la commune ya Kenya, hapa Lubumbashi, vilishavaliwa Ulaya lakini vinaonekana vipya. Safari iliyopita nilitoka malengelenge kila kidole. Rafiki yangu anasema nipitishe uzi ndani ya lengelenge na kuuacha humo. Ni kweli?
Kijana wa Ruashi

Tuanze na viatu, yaya, maana vinaweza kukuachia njiani. Soli nyingi za viatu vya mlima zina safu ya sponji ambayo huliwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kabatini. Kwa nje ngozi inang'aa, kwa ndani sponji inavunjika kama mkate uliokauka. Bonyeza ukucha ubavuni mwa soli: ikipasuka au ikitoa unga, usivinunue. Kunja kiatu uone kama kuna nyufa au gundi inayoachia. Kisha kitembeze kilomita 15 karibu na nyumbani kabla ya kukiamini. Fundi viatu anaweza kushona soli kuzunguka kwa uzi wa nailoni, na kazi hiyo ni nzuri, lakini pitisha mkono ndani utafute mafundo, maana fundo moja chini ya kisigino linatosha kukusimamisha.

Kipimo: jaribu kiatu mchana, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi utakazotembea nazo. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Malengelenge ya kila kidole karibu siku zote yanatokana na kiatu kifupi, au kamba zilizolegea kiasi kwamba mguu unateleza mbele kwenye mteremko. Kucha zikatwe wiki moja kabla, kwa mstari ulionyooka.

Lengelenge linahitaji joto, unyevu na msuguano. Soksi za pamba hunywa jasho na kubaki nalo, kwa hiyo vaa za mpira wa miguu, zile za poliesta, na chini yake soksi nyembamba, ili kitambaa kisuguane na kitambaa, si na ngozi. Paka vazelini asubuhi. Vua viatu katika kila pumziko refu, badilisha soksi mchana, zilizolowa zianike juu ya mfuko.

Ukisikia sehemu inachoma, simama hapo hapo. Usiseme utangoja pumziko. Kausha, bandika sparadra bila mkunjo, kata pembe zake ziwe za mviringo ili zisikunjuke. Dakika tano hizo zinaokoa siku tatu.

Sasa uzi. Hapana. Uzi ni njia ya wazi ya kuingiza vijidudu ndani ya jeraha. Lengelenge dogo lisiloumiza liache, lifunike. Kubwa linalouma: osha kwa sabuni, chemsha sindano au ipake alkoli, toboa pembeni upande wa chini mara mbili, kamua taratibu kwa kitambaa safi, paka Betadine, funika. Ngozi ya juu usiiondoe, ndiyo bandeji bora uliyo nayo. Wekundu ukisambaa, usaha ukitoka, au homa ikipanda, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na chanjo ya pepopunda iwe imeshughulikiwa kabla ya kuondoka.

Sisi wamama tunatembea na kikwembe. Je, kuna ubaya?
Mama wa Kamalondo

Hakuna ubaya, mama, ila kikwembe kilichofungwa kwa kubana hufupisha hatua, na kikilowa jasho kinachubua mapaja. Vaeni chini yake kaptula ya kubana inayofika karibu na goti, pakeni vazelini mapajani asubuhi na mchana, na kikwembe kifungwe kilegee, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Cha pili kiwe ndani ya mfuko kwa usiku.

Mimi ndiye ninayeshughulikia chakula na maji ya watu 60. Nibebe kiasi gani?
Mama wa jikoni, Kampemba

Mama, maji kwanza. Anayetembea anahitaji karibu nusu lita kwa saa, kwa hiyo lita 4 kwa siku zinatosha wengi: lita 240 za kunywa. Ongeza lita 6 kwa kila mtu za kupika, kunawa na kuosha vyombo, ni 360. Jumla 600, yaani bidoni 24 za lita 25, kila siku. Gari dogo haliwezi kubeba hayo pamoja na mizigo na wagonjwa, kwa hiyo lazima mtu atangulie siku kadhaa kabla aone ni wapi mtajaza tena.

Bidoni za kunywa ziwe na alama ya rangi na zisichanganywe na za kuoshea. Kipindupindu tunakijua Haut-Katanga, na kundi linalolala pamoja huambukizana kwa usiku mmoja. Maji ya kisima yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika nzima, au yatiwe dawa: kidonge cha Aquatabs cha miligramu 67 ni kwa lita 20 za maji meupe, na mnangoja dakika 30. Bidoni yenu ni ya lita 25, basi jazeni mpaka 20 tu. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa kizito.

Wekeni pia maji ya chumvi na sukari kwa wanaoharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu. Msimkaze mtu anywe maji matupu lita na lita bila kula chochote, maana chumvi ya mwili hupungua na mtu huanza kutapika na kuchanganyikiwa, halafu wenzake wanadhani anahitaji maji zaidi.

Unga wa bukari hesabu gramu 400 kwa mtu: kilo 24, karibu mfuko mmoja wa kilo 25 kila siku. Maharagwe kilo 6 au ndagala kilo 3. Maharagwe yalowekwe tangu jana yake, la sivyo makala yataisha kabla hayajaiva. Asubuhi uji wa mahindi wenye karanga zilizosagwa. Njiani ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga za chumvi. Bukari ya mchana tunaikataza: kundi lote hulala, na kuamka kwake kunachukua saa nzima.

Choo msikisahau. Shimo moja kwa kila watu 20, ya wanawake peke yake, mita 30 au zaidi kutoka kwenye maji. Kando yake bidoni yenye bomba na sabuni, na mtu wa kusimamia kunawa mikono. Mkiondoka, fukieni.

Tutapita kwenye barabara kuu ya N1. Malori ya shaba yanatutisha.
Baba wa vijana, commune ya Kenya

Mna haki ya kuogopa, baba. Msitembee juu ya lami hata kidogo pale penye ukingo wa udongo. Tembeeni upande wa kushoto, mkiyatazama magari yanayokuja, mstari mmoja mmoja. Gawanyikeni katika vikundi vya watu 15, nafasi ya mita 50 kati ya kikundi na kikundi, ili lori lililokosea lisikute watu 60 wamebanana. Wa kwanza na wa mwisho wa kila kikundi wavae jile zinazong'aa na wawe na firimbi. Kwenye madaraja membamba kusanyikeni, subirini barabara iwe tupu, pita kikundi kimoja kimoja. Simu ya kusikiliza nyimbo masikioni ipigwe marufuku. Mapumziko yawe mbali na barabara, kamwe si kwenye kivuli cha lori lililosimama.

Barua ya kuwaarifu wakuu ni lazima. Kifungu cha 26 cha Katiba kinawataka wanaopanga mkusanyiko kwenye njia za umma waiarifu mamlaka husika kwa maandishi. Pelekeni kila mahali mtakapopita, si Lubumbashi peke yake, ombeni polisi wa barabarani wawasindikize, na kiongozi abebe nakala zenye muhuri wa mapokezi.

Mama yangu ana miaka 61, ana sukari na tension. Amesema ataenda, hatumzuii. Tumfanyie nini?
Binti yake

Dada, mpelekeni kwa daktari wiki 12 kabla, mkiwa na orodha ya dawa zote. Kutembea kunashusha sukari, na kunaendelea kuishusha usiku. Anayetumia insulini au glibenklamidi anaweza kuanguka. Anayetumia metfomini peke yake hatari ni ndogo. Daktari ndiye anayepunguza kipimo, si ninyi. Dawa za tension zinazokojoesha nazo zinamkausha mtu haraka juani, muulizeni pia kuhusu hilo.

Mashine ya kupima sukari iwe mkononi: apime asubuhi, katikati ya njia na kabla ya kulala. Akitetemeka, akitoka jasho baridi au akiongea ovyo, mpeni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, ngojeni dakika 15, pimeni, rudieni kama bado iko chini, kisha ale. Akipoteza fahamu msimtie kitu mdomoni, mpelekeni hospitali. Kila jioni mtu amwangalie nyayo kwa tochi, kwa sababu mwenye sukari anaweza kutembea na jeraha bila kulisikia. Kwake kilomita 10 za kila asubuhi, kisha gari, ni hija kamili.

Ninaweka pesa niende hija ya Santiago de Compostela, Hispania, mwaka 2027. Niandae nini kwanza?
Msomaji wa Lubumbashi

Umechagua mwaka wenye watu wengi: tarehe 25 Julai 2027, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, ni Jumapili, na hivyo ni mwaka mtakatifu huko. Hati ya kumaliza hija, iitwayo Compostela, hupewa aliyetembea angalau kilomita 100 mpaka kaburi la Mtakatifu Yakobo, mwenye kitabu cha msafiri chenye mihuri miwili kwa siku. Wengi huanzia Sarria, karibu kilomita 115, na kulala Portomarín, Palas de Rei, Arzúa na Pedrouzo. Siku ya Palas de Rei hadi Arzúa ni ndefu, karibu kilomita 29, basi ukiweza igawe mara mbili.

Kwanza shughulikia viza. Ombi la viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya pamoja na Hispania, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya afya isipungue euro 30,000. Usinunue tiketi isiyorudishwa kabla ya viza kutoka. Mfuko wako uwe sehemu moja ya kumi ya uzito wako, na ndani yake koti la mvua linalofunika pia mfuko: Galicia, jimbo ulipo mji huo, hunyesha hata kiangazi.