Walitufokea njia nzima. Je, tuliandamana bure?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Wiki mbili zilizopita tuliandamana, vijana kama mia mbili hivi, kimya kimya, mikononi mabango tu. Hakuna aliyerusha hata kokoto. Lakini njia nzima watu walitufokea kwamba tunazuia magari, twende tukatafute kazi. Jioni baba yangu mkubwa akaniambia tumejiharibia jina. Sasa wenzangu wawili wanasema amani haisaidii kitu, safari ijayo tuchome matairi ndipo tutasikika. Mimi sitaki, ila sina la kuwajibu. Watu wakituchukia, si ndiyo tumeshindwa? (Msomaji, miaka 22)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefundisha historia miaka thelathini na moja, na swali lako nimeliulizwa mara nyingi, aghalabu na mwanafunzi aliyebaki darasani wenzake wakishatoka.

Mwaka 1961 Wamarekani weusi na weupe walipanda mabasi pamoja kwenda majimbo ya kusini, wakaketi mahali ambapo desturi ya ubaguzi iliwakataza. Tarehe 14 Mei basi moja lilichomwa moto karibu na Anniston, jimbo la Alabama, na abiria waliotoka wakikohoa moshi wakapigwa. Hawakurudisha hata kofi. Utadhani nchi nzima iliwalilia. Shirika la Gallup, linalopima maoni ya watu, lilipowauliza wananchi siku zile, asilimia 61 walisema hawakubaliani na wanachofanya wasafiri hao, na waliokubaliana nao walikuwa 22 tu. Lakini ilipofika Novemba mwaka huohuo, ilianza kutumika amri ya serikali ya kupiga marufuku ubaguzi katika vituo vya mabasi yanayovuka majimbo.

Namba hizo nilikuwa naziandika ubaoni na kuziacha hapo kipindi kizima. Watu walikuwa wamewakasirikia wasafiri, na wakati huohuo walikuwa wamelazimika kuutazama ubaguzi wenyewe. Hayo mawili hukaa pamoja kifuani mwa mtu mmoja bila shida. Hebu kumbuka vizuri: kabla ya siku ile, baba yako mkubwa aliwahi hata mara moja kulizungumzia jambo mnalolidai?

Kuhusu matairi, nitakusimulia yangu. Nilipokuwa chuoni tuliandamana kwa sababu wenzetu watatu walifukuzwa bila kusikilizwa. Siku mbili za kwanza wapita njia walitupigia makofi, wengine wakatuletea maji. Siku ya tatu mmoja wetu akarusha jiwe. Lilivunja dirisha la basi na kumpasua mama mmoja kwenye paji la uso. Gazeti la kesho yake halikuwa na neno hata moja kuhusu wale watatu. Lilikuwa na picha ya yule mama, amejikandamiza kitambaa kilicholowa damu. Niliitazama sana, maana alifanana na mama yangu. Wenzetu hawakurudishwa kamwe.

Mtafiti Omar Wasow alichunguza maandamano ya Wamarekani weusi ya miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 2020. Aliona kwamba pale watu walipoandamana kwa amani, hasa waliposhambuliwa na dola huku wametulia, magazeti yaliandika habari za haki na kura za weupe waliokuwa karibu zilisogea upande wao. Pale palipozuka fujo, habari ziligeuka kuwa za uhalifu, na kura zikaelekea kwa waliokuwa wakiahidi kurudisha utulivu kwa nguvu. Waambie hayo wenzako wawili.

Lakini usiwadanganye kwamba kutulia peke yake kunatosha. Katika mji wa Albany, jimbo la Georgia, mkuu wa polisi Laurie Pritchett alisoma mbinu za waandamanaji waliopinga ubaguzi akazijibu kwa utulivu wake mwenyewe. Aliwakamata kwa mamia bila kuwapiga mbele ya kamera, akawatawanya katika jela za wilaya jirani. Waandishi hawakuwa na cha kuandika. Martin Luther King aliondoka pale Agosti 1962 karibu mikono mitupu. Mwaka uliofuata harakati zilihamia Birmingham, jimbo la Alabama, ambako ilijulikana wazi kwamba Bull Connor, aliyekuwa na mamlaka juu ya polisi, hangejizuia. Naye hakujizuia: mbwa waliachiwa, na mipira ya zimamoto ikawafungulia watu maji ya nguvu. Picha zile zilitikisa dunia. Miongoni mwa waliopigwa na maji yale walikuwamo watoto wa shule, na mimi niliyefundisha watoto maisha yangu yote jambo hilo linaniuma hadi leo. Sijapata namna ya kuliweka likae vizuri moyoni.

Na kuna siku ambapo dunia nzima inaguswa na bado mwenye bunduki hatikisiki. Sharpeville, Afrika Kusini, tarehe 21 Machi 1960, polisi waliua watu 69 waliokusanyika kupinga sheria zilizowalazimisha weusi kubeba vitambulisho kila waendako, wengi wakipigwa risasi wakikimbia. Siku kumi na moja baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililaani. Ubaguzi ukaendelea miaka thelathini mingine.

Sasa la kufanya. Kabla hamjatoka tena, fanyeni mazoezi. Mjini Nashville, Marekani, mwanaharakati James Lawson aliwafundisha wanafunzi majuma mengi kabla hawajaketi kwenye kaunta za chakula madukani, ambako weusi hawakuhudumiwa. Waliigizana: mmoja anatukana, anavuta kiti, anapuliza moshi usoni, mwenzake anajifunza kuvumilia. Walikuwa na kanuni zilizoandikwa: usirudishe pigo, usitukane, keti wima, uso uelekee kaunta. Ninyi mlitoka na mabango, mkakutana na dereva mwenye hasira, na sidhani kama mlikuwa mmepanga nani atamsogelea kumweleza kwa adabu mnadai nini. Mpangeni huyo mtu, tena awe mwenye sauti ya upole.

Kisha mwige Diane Nash, mmoja wa viongozi wa wanafunzi hao. Tarehe 19 Aprili 1960, baada ya nyumba ya wakili wao kulipuliwa alfajiri, maelfu ya watu walitembea kimya hadi ofisi za jiji la Nashville. Meya Ben West akatoka, maneno yakawa makali pande zote. Nash, aliyekuwa na miaka 21, mdogo kwako kwa mwaka mmoja, akayaacha mabishano na kumuuliza yeye kama mtu: je, anaona ni sawa kumbagua binadamu kwa rangi yake tu? Meya akajibu kwamba hawezi kusema ni sawa. Akamuuliza tena kama kaunta zifunguliwe kwa wote. Akasema ndiyo. Tarehe 10 Mei watu weusi wakaanza kuhudumiwa.

Wewe una baba mkubwa. Subiri amalize kula, hasira ya magari imemtoka, usimtajie maandamano kabisa. Muulize kama lile mnalolipinga analiona ni haki, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize. Atakachokujibu, niandikie.