Maswali na majibu: Likizo ya kutazama ndege msituni na pwani majira ya machipuko

Wasomaji kadhaa wameniandikia kuhusu likizo za kutazama ndege zinazoongozwa na wenyeji wa kazi hiyo katika nchi za kaskazini mwa dunia, ambako majira ya machipuko huanza Machi na kuishia Mei. Katika barua zao naona jambo moja linajirudia: mgeni hupanga safari kwa kalenda yake, ilhali ndege ana kalenda yake mwenyewe, nayo haibadiliki kwa ajili ya mgeni. Majibu yangu yote yanatoka hapo.

Nina wiki moja tu ya mapumziko. Niende mwanzoni mwa machipuko au mwishoni?

Inategemea unataka kuwaona ndege gani. Mwezi Machi miti mingi ya Ulaya ya Kati bado haina majani, kwa hiyo kigogota anayegonga mti mkavu ili kutangaza mipaka yake huonekana waziwazi kuanzia mdomo hadi mkia, lakini ndege wengi waliokwenda Afrika kukimbia baridi wanakuwa hawajarudi. Kufikia katikati ya Mei karibu wote wamekwisha kufika na msitu mzima unaimba, ila majani yamefunga, na utawasikia ndege kumi kabla ya kumwona mmoja. Mimi ningechagua wiki inayounganisha mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, kwa kuwa wakati huo majani bado ni machanga na wasafiri kutoka Afrika, mbayuwayu wakiwemo, wanaendelea kuingia. Anayekwenda kaskazini zaidi asogeze tarehe mbele, kwani joto hupanda polepole kutoka kusini, na ndege anayeishi kwa wadudu hawezi kuwahi mno mahali ambapo wadudu hawajatoka.

Ukiniuliza ni msitu upi, nitautaja wa Białowieża, ulioko mpakani mwa Poland na Belarus, ambao uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Katika sehemu yake iliyohifadhiwa kikamilifu mti ukifa huachwa ulale pale pale ulipoangukia, na mabuu ya mbawakawa yanayokua ndani ya miti iliyokufa ndiyo chakula cha kigogota mwenye mgongo mweupe na cha yule mwenye vidole vitatu, ndege wawili ambao katika misitu inayofagiliwa na kukatwa kila mara hupatikana kwa shida sana. Upande wa Poland mgeni haruhusiwi kuingia sehemu hiyo bila mwongozaji mwenye leseni, na naona sheria hiyo ni ya haki.

Kwa nini waongozaji huwaamsha watu saa tisa na nusu usiku? Je, ndege hawaimbi mchana?

Huimba, lakini si kwa wingi ule. Katika msitu niliokwisha kuutaja jua huchomoza karibu saa kumi na moja alfajiri mwanzoni mwa Mei, na ndege wa kwanza huanza kuimba zaidi ya saa moja kabla yake, wakiwa bado gizani. Wakati huo mwanga hautoshi kutafuta chakula, hewa imetulia na sauti hufika mbali, kwa hiyo dume hutumia nafasi hiyo kuwaonya majirani kwamba eneo lina mwenyewe na kumjulisha jike aliyefika usiku kwamba yupo. Mwongozaji mzuri hatakutaka utaje majina kumi ya ndege asubuhi ya kwanza. Atakuonyesha sauti mbili au tatu, atakuacha uzisikilize hadi zikukae masikioni, na kesho yake ataongeza nyingine. Anayekosa saa hiyo kwa ajili ya usingizi amekosa nusu ya safari. Ni afadhali kulala tena baada ya kifungua kinywa.

Tangazo moja linaahidi aina 200 za ndege kwa siku saba. Niliamini?

Idadi hiyo inawezekana mahali ambapo msitu, kinamasi na bahari vimekaribiana, lakini swali la kumuuliza mwandaaji ni namna inavyofikiwa. Ikiwa kila siku mnapanda gari mara sita, mnashuka, mnamtazama ndege kwa sekunde chache, mnaweka alama kwenye orodha na kuondoka, mtarudi nyumbani na orodha ndefu na kumbukumbu fupi. Uliza kundi litakuwa na watu wangapi kwa kila mwongozaji, kwa sababu kwenye njia nyembamba ya msituni mtu wa kumi na mbili hufika wakati ndege amekwisha kuruka. Watu sita au saba wanatosha. Uliza pia mtalala usiku mingapi mahali pamoja. Ndege wa msituni hujulikana kwa kurudiwa: unampita leo akiimba juu ya tawi, kesho unamkuta amebeba unyasi mdomoni, na keshokutwa unajua kiota chake kiko upande gani ingawa hukusogea kukitafuta.

Mwaka jana tulifika ufukweni saa sita mchana tukaona tope tupu na vidoa vya mbali. Tulikosea wapi?

Mlikwenda kwa saa ya ukutani badala ya saa ya maji. Maji yanapokupwa, vitwitwi na jamaa zao wenye midomo mirefu hutawanyika juu ya kilomita nyingi za tope wakitafuta chaza na minyoo, na hata darubini kubwa ya miguu mitatu haitawaleta karibu. Maji yanapojaa hupoteza malisho hayo kidogo kidogo, wakasukumwa kuelekea nchi kavu hadi wakakusanyika kwa maelfu kwenye kipande cha mchanga au majani yaotayo kwenye udongo wa chumvi kungoja maji yapwe tena. Kwa hiyo mwongozaji wa pwani huwapanga wageni wake mapema, saa mbili hivi kabla ya maji kujaa kabisa, wakiwa wamekaa kimya na jua likiwa nyuma yao, na kuwaacha ndege wenyewe wawasogelee. Kutoka kujaa kumoja hadi kunakofuata hupita takriban saa 12 na dakika 25, hivyo ratiba ya kesho haiwezi kuwa sawasawa na ya leo. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupanda juu zaidi na ndege huwa karibu zaidi. Wakati wa maji mafu wengine hubaki mbali.

Mahali pa kuliona jambo hili kwa ukubwa wake ni Bahari ya Wadden, ukanda wa tope na mchanga unaoanzia Uholanzi, ukapita Ujerumani na kuishia Denmark, ambapo ndege wahamao wanaokadiriwa kufikia milioni 10 hadi 12 hupita kila mwaka. Na ng'ambo ya Atlantiki, kwenye Ghuba ya Delaware nchini Marekani, bamvua la mwezi Mei huleta ufukweni wanyama wa kale wenye gamba lililopinda kama kwato ambao hutaga mayai mchangani, na ndege wa kifua chekundu waliotoka Amerika Kusini, baadhi yao kutoka ncha ya bara hilo kabisa, hushuka kuyala. Katika muda wa wiki mbili hivi ndege mmoja anaweza kukaribia kuzidisha uzito wake maradufu kabla ya kuendelea hadi Aktiki ya Kanada. Baadhi ya fukwe za upande wa New Jersey hufungwa kwa watu katika kipindi hicho, na mgeni hutazama kutoka majukwaani.

Ninunue darubini ya aina gani?

Iliyoandikwa 8x42 inatosha kwa msitu na kwa pwani. Namba ya kwanza inasema picha inakuzwa mara nane, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ya mara kumi huvutia dukani, lakini hukuza pia mtetemeko wa mikono na huonyesha eneo dogo zaidi, jambo linalosumbua unapomfuata ndege anayerukaruka majanini. Darubini kubwa ya pwani kwa kawaida huletwa na mwongozaji.

Mwongozaji wetu alicheza sauti ya ndege kwenye simu mara nyingi hadi akatokea. Ni sawa?

Mara nyingi si sawa, na majira haya ndiyo mabaya zaidi kufanya hivyo. Dume akisikia sauti ile hudhani dume mwingine amevamia eneo lake, akaacha kula, kumlinda jike na kulinda kiota ili kumfukuza adui ambaye hayupo. Zipo hifadhi zinazokataza kabisa jambo hili. Mwombeni mwongozaji kwa adabu aache, na mwambieni kwamba mko tayari kungoja. Huenda anafanya hivyo kwa kuogopa kwamba wageni watalalamika wasipomwona ndege.

Kupe wa msituni ni hatari?

Wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme, hivyo ingiza miguu ya suruali ndani ya soksi, jikague mwili mzima kila jioni, na ukimkuta kupe mbane karibu na ngozi kwa kibano chembamba umvute moja kwa moja bila kumpaka kitu.

Mvua ikinyesha, siku imepotea?

Pwani huenda ikawa siku bora ya safari yote. Mwezi Aprili ndege wadogo waimbaji huondoka rasi ya Yucatán, nchini Meksiko, jioni na kuvuka Ghuba ya Meksiko, zaidi ya kilomita 900 za maji matupu. Upepo ukiwa nyuma yao, wengi hupita juu ya ufuko bila kushuka. Wakikutana na mvua na upepo wa kaskazini, huanguka katika miti ya kwanza wanayoiona, kama vile kwenye vichaka vya High Island huko Texas, na unaweza kuwakuta chini kabisa majanini, hatua chache tu kutoka ulipo. Siku hiyo mwongozaji anayejua kazi yake huwakalisha wageni mahali pamoja na kuwazuia kusogea hata kwa ajili ya picha, kwa sababu ndege aliyemaliza mafuta ya mwili wake anahitaji kula bila kushtuliwa kabla ya kuondoka tena usiku utakapotulia.